Chumba cha Dada

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Mimi sijambo, ila macho yanachoka mapema siku hizi, na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi nimeshawaachia vijana. Simu yako niliisikia juzi ikilia, sikuipokea. Mkwe wangu alikuwa amekuja kunitembelea, amekaa hapohapo anamenya vitunguu, na masikio yake ni makali kuliko kisu alichoshika. Mimi na wewe tuandikiane, ndiyo salama.

Basi nimeanza kuipunguza nyumba kama tulivyokubaliana. Leo nimemaliza kabati la vyombo. Unazikumbuka zile sahani za wageni? Wageni wenyewe nusu wamekufa, nusu tumegombana. Nimebakiza yangu na yako, na moja ya akiba kwa sababu mkono wako haujawahi kushika kitu kikafika. Sofa kubwa amechukua mwalimu wa nyumba ya pili, limekwama mlangoni na yeye amebaki upande wa ndani, tumecheka hadi akakasirika. Makoti ya marehemu shemeji yako nimeyafumua. Kitambaa bado kizima, nitatushonea vikoti viwili vya kuvaa asubuhi tukikaa barazani kwetu. Kwetu! Nimeliandika neno hilo nikacheka peke yangu kama mwehu.

Watu wananiuliza, "Mama Fundi, nyumba yote hii unamwachia mwanao, unakwenda kubanana kwenye vyumba viwili?" Nawaambia nakwenda kubanana na mdogo wangu. Tangu mama afariki, nikakulea wewe mgongoni na cherehani mbele yangu, sijawahi kuishi na mtu nisimchoke isipokuwa wewe. Hata marehemu nilimpenda, lakini alinichosha. Baba alituachia kile kiwanja sisi wawili, wewe umesimamia mafundi, mimi nimeshona hadi vidole vikaota sugu, sasa nataka nikakae.

Nipe vipimo vya chumba changu. Usinikadirie kwa macho! Chukua utepe, upime kama nilivyokufundisha: kuta, kimo cha dirisha, na nafasi nyuma ya mlango. Na rangi nataka ile ya maziwa. Usinipakie bluu, bluu inanidanganya nikishona.

Ni mimi,
Dada yako


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima. Mgongo wangu haujambo, nimezoea. Tangu nistaafu uuguzi nimegundua kumbe wagonjwa ndio waliokuwa wakininyoosha, maana sasa nikikaa sana ndipo unauma.

Vipimo vyote nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nimepima mara mbili, usiniambie nimekadiria. Chumba chako ni kile cha nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji, lakini mwanga unaingia vizuri asubuhi. Nafasi nyuma ya mlango ipo, kabati dogo litakaa.

Kuhusu rangi, usinigombeze. Fundi alikuja na ndoo ya bluu mimi sipo. Nikarudi ameshamaliza, ameketi juu ya ndoo anakunywa chai yangu. Ningesema nini? Si bluu kali, utaizoea.

Ila dada, usiharakishe. Sakafu bado ina unyevu na mafundi wanaingia na kutoka. Na funguo za nyumba usimpe mwanao zote kwa mara moja. Bakiza hata chumba chako cha kulala. Huwezi kujua mambo yatakavyokwenda.

Ni mimi,
Kitinda wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujambo wewe na unyevu wako? Mimi mzima, nina kikohozi cha vumbi tu kwa kufungua masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu mwanangu anyonye.

Umechelewa kunionya. Funguo nimeshatoa zote. Mwanangu na mkewe na watoto wameingia wikiendi iliyopita, na chumba changu sasa kina vitanda vya ghorofa na picha za magari ukutani. Mimi nalala sebuleni katikati ya mizigo yangu kama abiria aliyeachwa na basi. Sijali, nimewaambia ni siku chache. Mkwe wangu ana adabu sana. Kila asubuhi ananiuliza, "Mama, safari lini?" kwa sauti ya kupendeza kabisa.

Meza yangu ya kukatia imekatwa. Kwa vipimo vyako ukuta wa dirishani hauipokei, basi nikamwita seremala. Akaizunguka, akaigonga, akaniambia, "Mama, meza kama hii leo huipati, nikiikata nitaota vibaya." Nikamwambia kata, nakwenda kukaa na mdogo wangu. Msumeno ulipoingia nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na kambani hapakuwa na nguo. Juu ya meza hiyo nilikata sare yako ya kwanza ya shule. Sasa imebaki nusu, imesimama pale kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu. Lakini itaingia chini ya dirisha lako bila kugusa popote.

Kitanda nimebadilisha, kabati nimegawa. Bluu hiyo nitaifunika kwa pazia. Nakuja mwisho wa mwezi huu, na unyevu nitaukausha kwa maneno yangu. Nijibu upesi nimwambie mwenye gari la mizigo.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimeisha. Najua umekasirika kwa sababu sikujibu, na simu zako mbili zilinikuta nina shughuli. Nisamehe. Bomba la jikoni lilipasuka, fundi akavunja ukuta kulitafuta, akavunja usio wenyewe. Halafu mvua. Gari la mizigo lisingefika hapa hata ungelibeba mwenyewe. Vumilia kidogo, mambo yakitulia nitakwambia uje.

Nina ombi. Kuna mzee mmoja namhudumia, amepooza upande wa kulia, na nguo za dukani zinamkaa vibaya. Mashati ya kuvalia kichwani hayawezekani, kumvalisha ni vita. Naomba umshonee pajama mbili, zifunguke mbele hadi chini, vifungo vikubwa, kitambaa laini. Wewe tu ndiye utakayezishona zikakaa mwilini. Vipimo nimechukua mwenyewe kwa utepe, kila bega kivyake, kila mkono kivyake, kama ulivyonifundisha. Viko nyuma ya karatasi.

Nakuombea afya. Usinichukie.

Kitinda wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Hujambo? Haya, salamu zimekwisha.

Nilitandika kitambaa juu ya nusu meza yangu nikaanza kuchora kwa chaki. Kifua, kiuno, urefu wa mgongo. Nikafika mabegani. La kulia sawa. La kushoto limeshuka, na mkono wa kushoto umezidi wa kulia. Nikachora. Kisha mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kikapu, ukatoa kipande cha sponji nikiweke chini ya bega la kushoto ili liinuke lilingane na mwenzake. Pajama! Nani anaweka sponji kwenye pajama? Nikabaki nimesimama na sponji mkononi.

Maana mwili ule nimeshaushonea, mara moja, suti ya harusi. Bega la kushoto limeshushwa na mkoba wa kamera aliouvaa tangu ujana. Tumbo limeongezeka na kifua kimeingia, lakini mabega ni yaleyale. Nilikaa sakafuni kama mtoto. Mkwe wangu akakimbilia maji.

Ungeweza kunidanganya hata hapo. Ungeandika mabega yanalingana nisingejua hadi naingia kaburini. Lakini nilikufundisha kupima vizuri mno.

Ni yeye? Ni yule mpiga picha, mumeo, aliyekuvunja mkono ukajifungia chooni kwake ukanipigia simu kwa kunong'ona? Mimi ndiye niliyekuja na gari la mkaa kukutoa. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni na mkasi wa kukatia, yeye ananiita kila jina. Ukoo mzima ukaniita mvunja ndoa. Shangazi amekufa hajanisemesha. Nilinyamaza, nikasema acha waseme, mdogo wangu yuko hai chumbani kwangu anakula uji. Na wewe ukaniapia, umenishika mikono yote miwili, kwamba hutamrudia hata akiwa wa mwisho duniani.

Sitaki hadithi ya bomba. Sitaki mvua. Huyo "mzee unayemhudumia" analala wapi? Nijibu hilo tu.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana mara nyingi. Natumaini u mzima ingawa najua huna raha, na ni mimi niliyekuondolea.

Ni yeye. Analala chumbani kwako.

Alipougua nilipata habari kwa muuguzi mwenzangu. Nikaenda kumwona tu, nikamkuta ananuka, hakuna wa kumgeuza. Nilimchukua kabla hata kuta hazijapigwa lipu, akawa anakaa kwenye kiti uani akiwaelekeza mafundi. Rangi aliichagua yeye, alisema macho yake yanaona bluu vizuri. Fundi rangi hakukosea kitu. Samahani.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, acha niseme yote. Nilikuwa nikimwona hata zamani, nilipokuwa bado kwako. Nikikwambia niko zamu ya usiku, zamu nyingine hazikuwepo. Nilikuogopa wewe dada kuliko nilivyomwogopa yeye. Ulinitoa kwa nguvu hivyo, na watu wakakusema hivyo, ningekwambiaje namkumbuka? Ulinipenda mno, sikupata pa kupitia.

Hajaniinulia mkono tena, na huo mkono wenyewe hauinuki. Siku nyingine analia akinitazama. Mimi ni mke wake, hatukuwahi kuachana kwa karatasi wala kwa mdomo.

Njoo, dada, nakusihi. Nimekupangia kona nzuri sebuleni, kitanda chako kinaingia na meza pia. Tutatenga kwa pazia, na pazia utalishona mwenyewe upendavyo. Tutakuwa watatu badala ya wawili, tatizo liko wapi? Jioni yeye ana visa vingi vya kuchekesha, utamzoea.

Kitinda wako


21 Juni

Mdogo wangu,

Pazia. Umeniandikia mimi, pazia!

Roho inaniuma, mdogo wangu. Sitaki nikufiche, inaniuma hadi nashindwa kula. Miaka yote ile natukanwa kwa ajili yako, na wewe unatoka nyumbani kwangu na chakula nilichokufungia, unakwenda kukila naye. Mlinicheka? Mlikaa mkaniita mvunja ndoa na nyinyi? Nilikuwa nakufulia sare za zamu ambazo hukwenda. Umenifanya mjinga katika nyumba yangu mwenyewe, kisha umenitoa katika nyumba hiyo, kisha huna pa kuniweka. Adui zangu wote wakikaa kikao hawawezi kunifanyia hayo.

Na ulijua! Ulijua ulipokuwa unanipimia zile kuta. Yeye yupo uani, wewe unavuta utepe chumbani. Uliniacha nikakata meza.

Hapa nilipo mkwe wangu haniulizi tena safari lini. Sasa ananiuliza, "Mama, hivi vitu tuvisogeze wapi?" Mwanangu ananikwepa macho. Mjukuu mdogo jana kaniambia, "Bibi, kwani wewe nyumbani kwako ni wapi?" Nikamwambia nenda ukacheze.

Siwezi kuzeeka nasikia kikohozi cha mtu yule nyuma ya kitambaa. Wala sikwambii mtupe barabarani, mimi si mnyama. Ana mpwa wake, yule mwenye nyumba kubwa na gari, ambaye ana deni kubwa la fadhila kwa mjomba wake. Ampokee yeye.

Mimi sitagombana tena. Nakuomba mstari mmoja tu. Andika, "Chumba ni chako, dada," au andika, "Chumba ni chake." Chochote utakachoandika nitakipokea. Lakini andika.

Nasubiri.

Dada yako


5 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kama umehama basi mwanao atakufikishia. Macho yako yanaendeleaje? Mimi nimekonda, lakini sina ugonjwa.

Najua ulisubiri. Kila siku nilisema kesho nitaandika. Nilishika kalamu, nikimtazama yeye nashindwa, nikikukumbuka wewe nashindwa. Nikasema acha kidogo, labda mambo yatajipanga yenyewe.

Na yamejipanga, dada. Wiki iliyopita mpwa wake alikuja kumchukua. Sitaki kukudanganya tena, si mimi niliyemwondoa. Aliomba mwenyewe. Alisema nyumba hii inambana, na kule kwa mpwa kuna mtu wa kumfanyisha mazoezi na televisheni kubwa. Aliondoka amevaa vizuri, amechangamka, akanipungia mkono ule mzima kama mtu anayekwenda matembezi. Niliuliza kama naweza kumfuata nikamhudumie kulekule. Mke wa mpwa akasema nafasi iliyopo ni ya mgonjwa tu. Nililia hadi jirani akaja.

Basi chumba kiko wazi. Nimemwita fundi, nimekipaka rangi ya maziwa, na safari hii nimesimama pale hadi ndoo ikaisha. Nimefua mapazia, nimeosha sakafu. Nyumba imekuwa kubwa, dada. Vyumba viwili tu, lakini nikikohoa najisikia mwenyewe. Njoo sasa. Kama tulivyopanga tangu mwanzo, mimi na wewe. Hakuna wa kutuzuia tena.

Nijibu nije na gari kukuchukua.

Kitinda wako


12 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Macho yangu yanaendelea, nimepata miwani mipya, sasa naona hadi nisivyovitaka. Pole kwa kukonda. Kula. Pole pia kwa kuachwa, na hilo nalisema kwa moyo mweupe, maana najua linavyouma.

Mimi sipo tena kwa mwanangu. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifungo, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Nikiamka nikanyoosha mguu nagusa meza, nikinyoosha mkono nagusa jiko. Wateja wangu wa zamani wananijua nilipo. Mwenye duka ananiita Bi Mkubwa na ananipunguzia bei ya zipu, ila anaimba kutwa, na sauti hana. Nimeshamwambia, amekataa kunyamaza. Tunakwenda hivyo hivyo.

Sasa nikujibu. Nilisubiri ule mstari kuanzia mwezi wa sita. Kila bahasha iliyoingia nyumbani niliishika kwanza mimi, hata za umeme. Ungeandika chumba ni changu, ningekuja kwa miguu. Ningekuja nikaishi na bluu hiyo, nikasahau zamu za uongo, nikasahau na shangazi, kwa sababu ningejua siku moja katika maisha yako ulitutazama wote wawili ukanichukua mimi. Na ungeandika chumba ni chake, ningelia wiki nzima kisha ningesema haya, mdogo wangu ni mke wa mtu, amesema kweli. Ningekuheshimu.

Lakini hukuandika. Ulikaa kimya ukisubiri uone nani ataondoka, ili aliyebaki awe ndiye uliyemchagua. Na hata baada ya kuondoka yeye, ulitaka kumfuata. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako. Mke wa mpwa wake angekuwa na godoro moja la ziada, mimi nisingepata barua hii. Unaniita kwa sababu unajisikia ukikohoa. Ningekuwa mgeni kwako ningesema sawa, binadamu ni binadamu. Mimi nilikubeba.

Kwa hiyo siji. Nusu yangu ya kiwanja cha baba siidai, na sitaki kuisikia tena. Hicho chumba mpangishe mtu. Tafuta mwanamke mtu mzima, asiye na makelele, na usimpe siku ya kwanza ufunguo wa mlango wa mbele. Wewe huwa unaamini watu vibaya.

Ukiugua, nijulishe. Nitakuja nikuogeshe na nikupikie, na jioni nitarudi kwangu. Hilo naliweza. Kukaa na wewe, nikusikie usiku unageuka kitandani, nijiulize unamwaza nani, hilo siliwezi, na umri wangu haunipi nafasi ya kujifunza.

Wasalimie majirani ambao wangekuwa wangu.

Ni mimi dada yako, hilo halina namna.